Singapore: Jinsi nchi ndogo inavyopanga miaka hamsini mbele

Mwaka 2061 uko mbali mno kiasi kwamba serikali nyingi duniani hazina sababu ya kuutaja. Nchini Singapore, mwaka huo hujitokeza mara kwa mara katika hotuba za mawaziri na mijadala ya bunge. Ndio mwaka ambao mkataba wa maji kati ya nchi hiyo na Malaysia, uliotiwa saini mwaka 1962, utafikia kikomo. Mkataba huo unaipa Singapore haki ya kuchota hadi galoni milioni 250 kwa siku kutoka Mto Johor, ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, kwa bei ya senti tatu za Malaysia kwa kila galoni elfu moja. Utakapokwisha, hakuna anayejua bei mpya itakuwa ngapi, wala kama maji yenyewe yataendelea kutiririka.

Kuanzia hapo mtu anaweza kuelewa kwa nini taifa hili, jirani wa kaskazini-magharibi wa Australia, limejijengea mazoea ya kuhesabu miaka kama mfanyabiashara anavyohesabu akiba yake kabla ya msimu wa kiangazi. Singapore haina mto mkubwa, haina mafuta ya petroli wala madini, na haina mashamba ya kuwalisha watu wake. Eneo lake lote, takriban kilomita za mraba 735, halifikii hata nusu ya kisiwa cha Unguja, na sehemu ya eneo hilo haikuwepo: wakati wa uhuru nchi ilikuwa na kilomita za mraba zipatazo 580, na zilizoongezeka zimepatikana kwa kufukia bahari. Humo wanaishi watu wapatao milioni sita.

Uhuru usioombwa

Tarehe 9 Agosti 1965 Singapore ilitengwa na Shirikisho la Malaysia, baada ya kuwa sehemu yake kwa muda usiozidi miaka miwili. Waziri Mkuu wake wa kwanza, Lee Kuan Yew, alitokwa na machozi mbele ya kamera za televisheni alipokuwa akieleza kilichotokea. Kwake yeye, kisiwa kisicho na bara nyuma yake hakikuwa nchi inayoweza kujikimu. Miaka miwili na nusu baadaye likaja pigo la pili. Mnamo Januari 1968 Uingereza ilitangaza kwamba itaondoa majeshi yake kufikia mwaka 1971, na kambi hizo zilichangia takriban moja ya tano ya pato la taifa.

Hapa inafaa kusahihisha hadithi inayopendwa sana katika majukwaa ya kisiasa ya Afrika Mashariki, kwamba Kenya na Singapore zilikuwa sawa kiuchumi zilipopata uhuru. Hazikuwa sawa. Takwimu za Benki ya Dunia zinaonyesha kwamba mwaka 1965 pato la wastani kwa kila mkazi wa Singapore lilikuwa takriban dola 500 za Marekani, ilhali la Kenya lilikuwa takriban dola 100. Singapore ilikuwa tayari bandari yenye shughuli nyingi tangu Waingereza walipofika mwaka 1819, katika njia ambayo meli nyingi kati ya Bahari ya Hindi na Uchina zilikuwa zikipita. Ni kweli kwamba leo pato hilo limepita dola 80,000, na hilo linahitaji maelezo. Lakini maelezo yanayoanza kwa kusahau bandari huishia kumpotosha msikilizaji.

Mipango yenyewe ilianza hata kabla ya kutengana. Mwaka 1960 ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulioongozwa na mwanauchumi Mholanzi, Albert Winsemius, uliwasili kuchunguza kama kisiwa kingeweza kuwa na viwanda. Mwaka uliofuata iliundwa Bodi ya Maendeleo ya Uchumi, chombo ambacho kazi yake ilikuwa kwenda nje kutafuta makampuni na kuyashawishi yaje. Waziri wa Fedha, Goh Keng Swee, alichagua eneo la kinamasi la Jurong, magharibi mwa kisiwa, akalifukia na kulijengea barabara, umeme na gati kabla ya kuwapo wapangaji wa kutosha. Viwanda vilichelewa kuja, na watu wakalibandika eneo hilo jina la upumbavu wa Goh. Winsemius aliendelea kuishauri serikali hadi mwaka 1984, na kufikia wakati huo hakuna aliyekuwa akicheka tena.

Bandari inayohama

Mfano ulio wazi zaidi wa namna mipango hii inavyofanya kazi ni bandari. Katikati ya miaka ya 1960 makontena yalikuwa bado jambo geni. Mizigo ilipakuliwa kwa magunia na makreti, mabegani mwa vibarua, na haikuwa wazi kwamba meli za makontena zingefika Kusini Mashariki mwa Asia karibuni. Hata hivyo wakuu wa bandari waliamua kujenga gati la makontena huko Tanjong Pagar, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Meli ya kwanza ya makontena ilitia nanga Juni 1972. Bandari nyingine za eneo hilo zilipoanza kujenga za kwao, njia za meli zilikuwa zimekwisha kuzoea kupita Singapore.

Mazoea hayo, hata hivyo, si milki. Mwaka 2000 kampuni ya Maersk ilihamishia shughuli zake za kupakia na kupakua katika bandari mpya ya Tanjung Pelepas, upande wa pili wa mlango wa bahari, ndani ya Malaysia. Mwaka 2002 kampuni ya Evergreen ya Taiwan ikafuata. Bandari jirani ilikuwa na ardhi tele na bei nafuu. Singapore ilipoteza wateja wawili wakubwa kwa mshindani anayeonekana kwa macho kutoka ufukweni mwake.

Jibu lake ni Tuas. Katika ncha ya magharibi ya kisiwa, juu ya bahari iliyofukiwa, inajengwa bandari moja itakayochukua nafasi ya magati yote yaliyotawanyika. Ilifunguliwa rasmi Septemba 2022, na ujenzi unatarajiwa kukamilika katika miaka ya 2040, ikiwa na uwezo wa kupokea makontena milioni 65 ya futi ishirini kwa mwaka. Kwa kulinganisha, mwaka 2024 bandari zote za Singapore zilihudumia makontena yapatayo milioni 41, na mwaka huohuo Mombasa ilifurahia kuvuka milioni mbili. Magari yasiyo na madereva hubeba makontena kati ya gati na yadi, kwa sababu wapangaji walikwisha kuona kwamba wafanyakazi hawatatosha.

Jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni kile kinachoachwa nyuma. Magati ya Tanjong Pagar, Keppel na Brani yako katikati ya jiji, kwenye ardhi yenye thamani kubwa kupindukia, na yamepangwa kuhamishwa kufikia mwaka 2027. Gati la Pasir Panjang litafuata kufikia 2040. Ardhi hiyo itakuwa makazi, ofisi na bustani za ufukweni. Kwa maneno mengine, uamuzi wa kuhamisha bandari ni mpango wa bandari na papo hapo ni mpango wa nyumba za kizazi kijacho. Katika nchi isiyo na pa kupanukia, mipango haiwezi kugawanywa kwa wizara kana kwamba kila moja ina kisiwa chake.

Ndiyo maana tangu mwaka 1971 nchi imekuwa na mpango mkuu wa matumizi ya ardhi unaotazama miaka hamsini na zaidi, na kupitiwa upya kila baada ya miaka kumi. Chini yake kuna mpango wa kina zaidi, wa miaka kumi hadi kumi na mitano, unaopitiwa kila baada ya miaka mitano, na unaoonyesha kila kiwanja kitatumika kwa kazi gani.

Maji yaliyonywewa hadharani

Turudi kwenye maji. Singapore ilikuwa na mikataba miwili na Malaysia. Wa kwanza, wa 1961, uliachwa uishe mwaka 2011 bila kuhuishwa, na hilo liliwezekana kwa sababu maandalizi yalikuwa yameanza miongo kadhaa kabla. Mabwawa yaliongezwa hadi kwenye midomo ya mito. Mwaka 2008 ukuta wa Marina uliziba mlango wa bahari katikati ya jiji na kuugeuza kuwa ziwa la maji baridi. Kiwanda cha kwanza cha kuondoa chumvi katika maji ya bahari kilifunguliwa mwaka 2005.

Hatua iliyohitaji ujasiri wa kisiasa ilikuwa ya kusafisha majitaka hadi yawe safi ya kunywa. Teknolojia ilikuwapo, kilichokosekana ni watu walio tayari kuyaweka kinywani. Serikali iliyapa maji hayo jina la NEWater, ikajenga kituo cha wageni ambako wanafunzi wangeona mitambo, na katika sherehe za Siku ya Taifa ya mwaka 2002 Waziri Mkuu Goh Chok Tong pamoja na umati wa watu wapatao 60,000 waliinua chupa zake na kunywa pamoja. Mitambo ya kwanza ilizinduliwa rasmi mwaka 2003. Leo maji hayo yanaweza kukidhi takriban asilimia 40 ya mahitaji ya nchi, ingawa sehemu kubwa huenda viwandani, hasa vile vya kutengeneza vijenzi vidogo vya kompyuta, ambavyo huhitaji maji safi kuliko ya kunywa.

Ofisi ya mambo yasiyotokea

Mipango ya bandari na maji hutegemea makadirio: watu wangapi, mizigo kiasi gani, mvua kiasi gani. Lakini viongozi wa Singapore waligundua mapema kwamba makadirio huchora kesho kwa mstari mnyoofu kutoka jana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wizara ya Ulinzi iliazima mbinu kutoka kampuni ya mafuta ya Shell, ya kubuni picha kadhaa za siku zijazo zinazopingana, kila moja ikiwa na mantiki yake, kisha kuuliza: ikiwa dunia itakwenda hivi, sera yetu ya leo itasimama au itaanguka? Mwaka 1995 mbinu hiyo ilihamishiwa Ofisi ya Waziri Mkuu, na mwaka 2009 kikaundwa Kituo cha Mikakati ya Siku Zijazo.

Kati ya hapo palikuwa na somo chungu. Mripuko wa ugonjwa wa SARS mwaka 2003 ulionyesha kwamba dalili za hatari zinaweza kuwa mezani kwa watu kumi tofauti bila yeyote kuziunganisha. Mwaka uliofuata serikali ilianzisha mfumo wa kompyuta wa kukusanya na kulinganisha dalili ndogondogo kutoka wizara mbalimbali. Mtumishi mkuu wa umma wa wakati huo aliyeitetea sana kazi hii, Peter Ho, amekuwa akisisitiza kwamba lengo lake si kutabiri.

Ofisi ndogo ya watu wanaofikiri haibadilishi kitu ikiwa hakuna anayewasikiliza. Nchini Singapore picha hizo hupelekwa kwa makatibu wakuu wa wizara na kuingizwa katika mizunguko ya bajeti. Juu yake, kila uchumi unapotikisika huundwa kamati ya mawaziri, wafanyabiashara na wawakilishi wa wafanyakazi kupitia upya mkakati mzima. Ya kwanza iliundwa mwaka 1985, wakati uchumi uliponywea kwa mara ya kwanza tangu uhuru. Kamati iliyoongozwa na Lee Hsien Loong, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu, ilikiri kwamba sera ya serikali yenyewe ya kupandisha mishahara tangu 1979 ilikuwa imefanya gharama zizidi tija. Mwaka 1986 mchango wa waajiri katika mfuko wa akiba ya wafanyakazi ulikatwa kutoka asilimia 25 hadi 10. Hatua hiyo iliwaumiza wafanyakazi moja kwa moja, na vyama vyao, vilivyo karibu mno na chama tawala, viliikubali.

Na fedha zinatoka wapi? Serikali ina akiba kubwa inayowekezwa kupitia mashirika kama Temasek, lililoundwa mwaka 1974, na GIC, la mwaka 1981. Katiba inaruhusu bajeti ya mwaka kutumia hadi nusu tu ya faida ya muda mrefu inayotarajiwa. Hata hivyo fungu hilo hugharimia takriban moja ya tano ya matumizi ya serikali. Ili kugusa akiba iliyolimbikizwa na serikali zilizopita, lazima Rais akubali. Ruhusa hiyo iliombwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009, wakati wa msukosuko wa fedha duniani, na kiasi kilichochukuliwa kikarudishwa miaka miwili baadaye.

Yale ambayo mpango haukuyaona

Ingekuwa rahisi kuisimulia habari hii kama mfululizo wa ushindi, na wajumbe wengi wa serikali za nje wanaotembelea Singapore huondoka na simulizi la namna hiyo. Lakini kosa lake kubwa kuliko yote ni tunda la mipango yenyewe. Katika miaka ya 1970, kwa kuogopa msongamano, serikali iliwahimiza wazazi wakomee watoto wawili. Waliozidisha walitozwa ada kubwa zaidi za uzazi hospitalini na kupoteza kipaumbele cha shule. Kampeni ilifaulu kupita kiasi: kabla ya muongo huo kwisha, kiwango cha uzazi kilikuwa chini ya kile kinachohitajika ili idadi ya watu isipungue. Sera ilikuja kugeuzwa mwaka 1987, familia zenye uwezo zikahimizwa kuzaa watatu au zaidi. Zawadi za fedha, likizo za uzazi na nafuu za kodi zimeongezwa tangu hapo bila kuzaa matunda. Mwaka 2023 kiwango hicho kilishuka hadi 0.97, yaani kwa wastani mwanamke hazai hata mtoto mmoja kamili katika maisha yake.

Pengo limezibwa na wageni, na hapo ndipo upangaji ulipogongana na wananchi. Mwaka 2013 waraka wa serikali ulikadiria kwamba watu wangeweza kufikia milioni 6.9 kufikia mwaka 2030. Maelfu walikusanyika katika bustani ya Hong Lim kupinga, jambo lisilo la kawaida katika nchi ambako maandamano yanabanwa sana na sheria.

Wageni wenyewe hawakuulizwa. Mwaka 2020 virusi vya korona viliingia katika mabweni ya wafanyakazi wa ujenzi na viwanda, wengi wao kutoka Bangladesh na India, waliokuwa wakilala kwa wingi katika chumba kimoja. Kufikia Desemba mwaka huo takriban nusu ya wakazi wa mabweni hayo walikuwa wameambukizwa, huku raia walio nje yake wakiambukizwa kwa idadi ndogo sana. Taifa lililokuwa na ofisi ya kuchunguza dalili za mbali lilikuwa na hatari hiyo ndani ya kuta zake, na mashirika ya kutetea wafanyakazi yalikuwa yamekwisha kulalamika kuhusu msongamano huo. Viwango vipya vya mabweni vimewekwa tangu wakati huo.

Chakula nacho kinafundisha unyenyekevu. Zaidi ya asilimia 90 ya kinacholiwa hutoka nje. Mwezi Juni 2022 Malaysia ilipositisha kuuza kuku nje, wauzaji wa wali wa kuku, chakula ambacho ni fahari ya vibanda vya Singapore, waliachwa na nyama iliyogandishwa au bila kitu, kwani takriban theluthi moja ya kuku wote walitoka Malaysia. Serikali ilikuwa imeweka lengo, mwaka 2019, la kuzalisha asilimia 30 ya mahitaji ya lishe ifikapo 2030. Mashamba ya ndani ya majengo, yenye taa na rafu, yalipewa ruzuku. Kadhaa yalifungwa, kwa sababu mboga zake zilikuwa ghali kuliko zinazovushwa kwa lori kutoka Johor, na mwaka 2025 lengo lenyewe likaachwa na kuwekwa malengo mapya ya mwaka 2035.

Gharama ya subira

Swali ambalo msikilizaji wetu huenda analo ni hili: kwa nini nchi nyingine hazifanyi hivyo? Sehemu ya jibu haipendezi sana. Chama cha PAP kimetawala bila kukatizwa tangu mwaka 1959, na kwa miongo mingi wapinzani wake walikabiliwa na kesi za kashfa zilizowafilisi, huku magazeti yakidhibitiwa. Sheria ya mwaka 1966 iliipa serikali uwezo wa kutwaa ardhi kwa fidia ndogo, na leo takriban asilimia 90 ya ardhi ni ya dola. Waziri asiye na hofu ya kushindwa uchaguzi ujao anaweza kupanda mti ambao kivuli chake kitakaliwa na mwingine. Lakini serikali nyingi zilizodumu madarakani kwa muda kama huo, barani Afrika na kwingineko, hazikupanda kitu, na kwa hiyo kudumu peke yake hakuelezi lolote. Tofauti, kwa maoni ya mwandishi huyu, iko katika hofu. Viongozi wa Singapore hawakuwa na mafuta wala shaba ya kuwalipia makosa yao.

Rwanda ndiyo nchi ya Afrika Mashariki iliyotangaza wazi kuvutiwa na mfano huo. Dira yake ya 2020 iliandikwa mwaka 2000, na iliyofuata inalenga kuifanya nchi yenye kipato cha juu ifikapo 2050. Kufanana kupo: udogo, ukosefu wa madini mengi, serikali yenye mkono mzito. Hata hivyo bandari iliyo karibu na Kigali iko zaidi ya kilomita elfu moja, na njia ya kuifikia hupitia mipaka ya mataifa mengine. Singapore ilipanga juu ya bahari ambayo dunia nzima ilikuwa ikiipita.

Bahari hiyohiyo sasa ndiyo tishio. Takriban asilimia 30 ya kisiwa iko chini ya mita tano juu ya usawa wa bahari. Mwaka 2019 Lee Hsien Loong alisema kwamba kuilinda pwani kunaweza kugharimu dola za Singapore bilioni 100 katika miaka mia moja. Mpango mmojawapo, uliotangazwa mwaka 2023, ni kufukia takriban hekta 800 mbele ya pwani ya mashariki ili kupata kwa pamoja ukuta wa kuzuia bahari, bwawa jipya la maji na ardhi ya kujenga nyumba.

Umeme nao unatafutwa mbali. Takriban asilimia 95 ya umeme wa nchi huzalishwa kwa gesi inayoagizwa kutoka nje, na paa za nyumba hazitoshi kubeba paneli za jua za kuichukulia nafasi. Mwezi Oktoba 2024 mamlaka ya nishati ya Singapore ilitoa kibali cha masharti kwa mradi wa SunCable, unaokusudia kuzalisha umeme wa jua katika jimbo la Northern Territory, Australia, na kuupeleka Singapore kwa nyaya za chini ya bahari zenye urefu wa zaidi ya kilomita 4,000. Bado haujajengwa. Ukifaulu, taa za nyumba za Singapore zitawashwa na jua linalochoma Darwin, na serikali yake itakuwa na mkataba mwingine na jirani, wenye tarehe ya mwisho ya kuhesabiwa.